Mgonjwa Akisema Nzuri

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, doti ya kitenge na hotuba. Hotuba ilisomwa na bwana mmoja wa utawala ambaye hajawahi kukanyaga wodini kwangu hata kwa bahati mbaya. Alinisifu kwa "utumishi uliotukuka", maneno yale yale aliyomsomea mlinzi wa geti aliyestaafu kabla yangu, ambaye kila mtu anajua alitukuka kwa kulala. Saa yenyewe imeshasimama. Nimeiacha ukutani hivyo hivyo, inanikumbusha ofisi.

Wiki chache baadaye wauguzi vijana walinifuata nyumbani Isevya, hapa Tabora, wakaniomba niwaandikie ninayoyakumbuka ya kazini. Nadhani walitegemea maneno ya kutia moyo. Pole zao. Ya vyeo sitaandika, maana vyeo nilipewa na watu waliokuwa wanatafuta pa kuniweka nisiwasumbue. Ya mshahara pia sitaandika, wauguzi wanaujua na wasio wauguzi hawataamini. Nitaandika habari ya kigoda, na ya mguu wa bibi mmoja wa Kwihara.

Nilianza kazi katika hospitali moja ya mji huu ambayo sitaitaja, kwa sababu waliopo sasa wengi hawakuwepo, na waliokuwepo watajijua. Nilifika nimevaa gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Nikapelekwa wodi ya upasuaji ya wanawake, kwa Mama Kalunde. Alikuwa mama mfupi wa Kinyamwezi, mwanakwaya wa Kimoraviani, mwenye sauti nyororo kanisani na sauti nyingine kabisa wodini.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Chuoni wamekufundisha nini?"

Nikamtajia: kuchoma sindano, kufunga vidonda, kupima joto, kutandika kitanda kwa kona za kisasa.

"Na kukaa?"

Sikumwelewa. Akaniambia nimfuate.

Zana zetu za siku hizo mkiziona leo mtacheka. Sindano zilichemshwa kwenye sufuria kama mayai, vipimajoto vya zebaki vilikaa kwenye kikombe cha spiriti, na mashine ya kupima presha ilikuwa moja tu, nayo ilihitaji kubembelezwa. Lakini zana aliyoichukua Mama Kalunde asubuhi ile haikuwemo kwenye kitabu chochote cha chuoni. Ilikuwa kigoda cha mninga cha miguu mitatu, kimelainika kwa kukaliwa. Alikibeba kwapani, akaenda nacho kitanda kwa kitanda kabla hata ya toroli la dawa kutoka. Kila alipofika alikiweka chini, akakaa, uso wake ukawa sawa na uso wa mgonjwa, akaanza kumsalimia kama mgeni aliyefika nyumbani kwake.

Kitanda cha kwanza alikuwepo mama wa Igunga aliyekuwa amepasuliwa tumbo. Mama Kalunde akamuuliza habari za kuamka. Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Nzuri. Ng'ombe nao? Nzuri, mvua tu ndiyo imegoma. Na tumbo?

"Nzuri, mama, ila toka jana limekuwa gumu, na nikinywa maji yanarudi."

Daktari aliitwa, mama yule akarudishwa chumba cha upasuaji kabla ya saa ya chai, akapona. Tulipokuwa tunanawa mikono Mama Kalunde akaniambia: "Mgonjwa akisema nzuri, usiondoke. Ngoja ila. Isipokuja, muulize mwenyewe: ila nini?"

Hiyo ndiyo elimu yangu ya uuguzi. Mengine yote nimeyasahau au yamebadilishwa na wizara.

Ninyi wasomaji mnaijua adabu hii, hata kama mnajifanya watu wa kisasa. Huku kwetu mtu hakutupii shida yake usoni kabla hajakupa "nzuri" yako. Nyumba yake imeungua, utamuuliza habari za asubuhi, atasema nzuri, ila nyumba imeungua. Baba yake amefariki, atasema nzuri, ila mzee katutoka. "Nzuri" ni kukufungulia mlango tu, na mwenye haraka huishia mlangoni. Miaka niliyofanya kazi Nzega, nikipokea vijana waliofukiwa kwenye mashimo ya dhahabu, nilidhani kizazi kipya kimeiacha tabia hiyo. Wapi! Kijana mmoja aliletwa mkono umening'inia, mfupa unaonekana. Nikamuuliza vipi. "Freshi tu, sista," akasema, "ila mkono ndio kama umezingua."

Niliporudi Tabora, Mama Kalunde alikuwa amestaafu na wodi ikawa yangu, pamoja na kigoda. Nikaendelea nacho. Wauguzi wapya walikicheka kwa siku chache, kisha wakaanza kukigombania.

Msije mkadhani nauchukia utafiti. Nilipelekwa kozi ya utafiti wa uuguzi nikaipenda kuliko nilivyotegemea. Nilifanya utafiti wangu mdogo kuhusu vidonda vya mgongo, kuona kama ndugu wa mgonjwa wakifundishwa kumgeuza kitandani vidonda vinapungua. Vilipungua. Ilinichukua muda mrefu, nililalamikiwa na kila mtu, na mpaka leo naona ni kazi ya maana. Utafiti ni kuuliza na kungoja jibu. Ninachokidharau ni kuuliza huku umeshika ufunguo wa gari.

Na mji wetu umewazoea watu wa namna hiyo tangu zamani. Misafara ilipita hapa, ikapumzika, ikajaza mizigo, ikaondoka na sisi tukaibeba. Siku hizi hawatafuti pembe za ndovu. Wanakuja na magari yenye viyoyozi, wanajaza majibu yetu, wanaondoka nayo, na barabarani wanasimama Kwihara kupiga picha kwenye tembe la kale. Sisi tunabaki na fulana zilizoandikwa jina la mradi. Mimi ninazo za kutosha kudekia nyumba mpaka nife.

Msafara ninaotaka kuusimulia uliongozwa na Dokta Leonsia. Alikuwa daktari wa falsafa katika uuguzi, muuguzi kama mimi kwa kuanzia, aliyesomea mbali na kurudi na miwani mikubwa. Utafiti wake ulihusu maumivu na kuridhika kwa wagonjwa waliolazwa, jambo zuri kabisa. Matroni wetu alitutangazia ujio wake kama vile anakuja askofu. Mashuka mapya ya kijani, ambayo niliyaomba mpaka nikachoka na kila mara nikaambiwa hayapo, yalitoka stoo yakiwa na mikunjo ya kiwandani. Wodi ikanukia dawa ya sakafu. Hata paka wa jikoni alifungiwa.

Kwenye kikao cha kwanza Matroni alimkaribisha, akamuuliza habari za safari.

"Nzuri," akasema Dokta Leonsia, "ila gari limetufia Manyoni, tumelala kwenye viti, na mimi mgongo hata sijui kama nitaweza kukaa."

Wote wakampa pole. Akaletewa mto. Hakuna aliyeona kitu, isipokuwa mimi niliyeandika neno "ila" pembeni ya ratiba yangu.

Kisha akatuonyesha kazi. Kila mgonjwa ataulizwa maswali kwa kishikwambi kila asubuhi. Swali la maumivu lilikuwa la namba, sifuri mpaka kumi. Mgonjwa asiyeweza kutaja namba achukuliwe kwa neno lake la kwanza: akisema "naumwa sana" ni nane, akisema "kidogo" ni tatu, akisema "nzuri" au "sijambo" ni sifuri. Na kwa sababu kumuuliza mgonjwa mara mbili kunachafua takwimu, mzunguko wa salamu wa wodi yangu usimame mpaka utafiti uishe. Watu wake waliotangulia walikuwa wamekaa na saa mkononi wakaupima. Wakauita muda usio wa huduma.

Nikasimama. "Dokta, samahani. Wewe mwenyewe leo umeulizwa habari za safari ukasema nzuri. Tungekuandika sifuri, mto usingeletwa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, lakini hakukasirika pia. "Sista, ile ilikuwa salamu," akasema. "Hapa tunazungumzia kipimo. Mgonjwa ataelezwa tofauti."

"Ataelezwa na nani, na kwa muda gani?"

Matroni akanikata jicho. Mara baada ya kikao akagundua kwamba mimi ndiye ninayefaa kabisa kwenda Nzega kuwafundisha wauguzi wa huko kutumia vishikwambi. Nimeona mengi katika utumishi wa umma, lakini bado nashangaa jinsi semina zinavyomfaa mtu aliyefungua mdomo.

Kabla sijaondoka alilazwa Bibi Nyanzala wa Kwihara. Alikuwa mkulima wa karanga na mahindi, mjane, mwembamba, mcheshi. Aliteleza kwenye ngazi ya kihenge chake cha kuhifadhia mahindi akavunjika mguu chini ya goti, na akafungwa plasta ngumu kutoka pajani hadi kwenye vidole. Mwanawe Maganga alimleta kwa pikipiki, mguu umefungiwa kwa kanga kwenye vipande vya mbao. Nilimsalimia siku hiyo, nikamkuta anaumwa lakini vidole vina joto na anavichezesha. Nikamkabidhi kwa Rehema, muuguzi wangu mwaminifu kuliko wote, nikapanda basi.

Mliosoma mnajua plasta ilivyo. Mguu ukivimba ndani yake hauna pa kwenda, damu inabanwa, na dalili ya kwanza ni maumivu yasiyo ya kawaida. Ndiyo maana tunauliza. Hatuulizi ili tupate mchoro wa kuonyesha ukutani.

Nilichosimuliwa baadaye na Rehema ni hiki, na alikisimulia analia. Kila asubuhi alisimama miguuni mwa kitanda na kishikwambi chake, kama alivyoelekezwa, asikae asije akamshawishi mgonjwa. "Shikamoo bibi. Maumivu yako leo ni ngapi kati ya sifuri na kumi?" Bibi Nyanzala, ambaye hakupata kumsikia mtu anamsalimia kwa hesabu, alimjibu kwa upole: "Marahaba. Nzuri tu, mwanangu." Na kabla hajavuta pumzi ya kuendelea, kishikwambi kilikuwa kimeshaleta swali linalofuata, je, ameridhika na usafi wa choo. Daktari wa zamu naye alikuwa anatazama kishikwambi kabla ya kumtazama mgonjwa. Akiona sifuri, anapita. Siku moja bibi alimshika Rehema mkono. Rehema akataka kukaa, na msimamizi wa takwimu akamkumbusha kwamba bado kuna vitanda vingi.

Nilirudi kutoka Nzega asubuhi nikaenda moja kwa moja wodini. Kigoda nilikikuta stoo kimewekewa ndoo juu yake. Nikakifuta, nikaanzia kwa Bibi Nyanzala kwa sababu kitanda chake kilikuwa karibu na mlango, wala si kwa sababu ya ujuzi wowote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ulipotelea wapi?"

"Nilikuwa Nzega. Habari za kuamka?"

"Nzuri."

"Za Kwihara?"

"Nzuri. Maganga kapukuchua karanga peke yake."

"Na mguu?"

"Nzuri," akasema, akatazama dirishani. "Ila toka juzi si wangu tena."

Nikafunua shuka, lile la kijani. Vidole vilikuwa vyeusi na baridi.

Plasta ilikatwa pale pale. Daktari wa upasuaji alitazama, akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe. Maganga aliitwa akaweka dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa, na siku hiyo hiyo mguu ukaondolewa chini ya goti. Nilimvalisha bibi gauni la chumba cha upasuaji mimi mwenyewe.

Nikamfuata Dokta Leonsia ofisini kwa Matroni. Sikwenda kugombana, nilikwenda na ombi moja tu: asubuhi zile zote za Bibi Nyanzala zifutwe kwenye sifuri, na iandikwe sentensi moja kwenye ripoti kwamba neno "nzuri" si jibu la swali la maumivu.

"Sista, siwezi kubadilisha jibu la mgonjwa baada ya tukio," akasema. "Huo ndio udanganyifu wenyewe. Alisema nzuri."

"Alikuwa anakusalimia!"

"Tutaliweka kama tukio la pembeni," akasema Matroni, kwa sauti ya mtu anayefunika chungu. Akaongeza kwamba matokeo ya awali yanaonyesha wagonjwa wetu wengi hawana maumivu na wameridhika mno, na kwamba utawala umefurahi. Kwa furaha hiyo walikuwa wanafikiria kuufuta mzunguko wa salamu moja kwa moja na kuhamisha wauguzi wangu wawili kwenda wodi mpya ya wanaolipia. Wodi isiyo na maumivu ina haja gani ya wauguzi?

Nawaambia ukweli, siku hiyo niliidharau kazi yangu, na mimi mwenyewe nikiwemo. Nilitamani Mama Kalunde awe hai aje na ile sauti yake isiyo ya kanisani.

Dokta Leonsia hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mbaya ungemchukia ukalala. Yeye alikuwa anapita wodini kila siku baada ya hapo, anamtazama Bibi Nyanzala kwa mbali, anarekebisha miwani, anaondoka. Siku bibi aliporuhusiwa, dodoso la mwisho lilitakiwa kujazwa, na yeye akasema atalijaza mwenyewe.

Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, magongo mawili ya mbao pembeni, kanga imefunika pale ulipoishia mguu. Maganga alikuwa nje anafunga mizigo kwenye bajaji. Mimi nilikuwa nakunja shuka la kitanda cha jirani, na kigoda kilikuwa kati yetu, hapo nilipokiacha baada ya salamu za asubuhi, nilizozirudisha bila kuomba ruhusa.

"Shikamoo bibi," akasema Dokta Leonsia, amesimama.

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa ujumla, huduma uliyopata hapa ilikuwaje?"

"Nzuri, mwanangu. Mungu awabariki."

Nikaona kidole chake kinashuka kwenye kioo. Akabonyeza. Akageuka kidogo, kama mtu aliyemaliza.

"Ila mguu wangu," akasema Bibi Nyanzala, "mmeuweka wapi?"

Dokta Leonsia akanitazama mimi. Swali hilo halikuwemo.

"Nauliza tu," bibi akaendelea, kwa adabu ile ile, kama anayeomba maji. "Nilitaka Maganga akauzike nyumbani, ubavuni mwa baba yake. Mimi nitaufuata. Sasa wakati ule nilikuwa nimelala, na baadaye kila aliyekuja alikuwa na maswali yake, nikaona nisimkatize."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Wala Maganga hakuulizwa, alipewa karatasi aweke dole gumba. Sikuweza kumdanganya.

"Umechomwa, bibi," nikamwambia. "Kwenye tanuru la hospitali, kule nyuma. Pamoja na bandeji."

Bibi Nyanzala akaitengeneza kanga yake begani, akaivuta ile ya chini ikae sawa juu ya goti. Nje Maganga alikuwa anamwambia dereva wa bajaji asogee kivulini.

"Haya," akasema mwishowe. "Nzuri."

Dokta Leonsia hakubonyeza kitu. Alikiweka kishikwambi juu ya kitanda, uso wa kioo chini, akavua miwani. Kisha akakivuta kigoda cha Mama Kalunde, akakaa, akamtazama bibi.

"Ila nini, bibi?" akauliza.